Mkeka umechanika

Ukisikia kijiweni Dar es Salaam, Jumamosi usiku, kwamba mkeka umechanika, usikimbilie sindano. Mkeka huo ni tiketi ya kubeti: mechi kadhaa zilizofungwa katika dau moja, za Uingereza jioni, za Hispania usiku, pengine na Simba au Yanga katikati.

Aliyeanza kulitumia neno hilo hivyo huenda alijua ususi. Mkeka wa ukindu hausukwi mzima. Husukwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu hadi upana utoshe. Tiketi nayo huunganishwa hivyo. Odi za 1.50, 2.00 na 1.80 hazijumlishwi, huzidishwa, zikafika 5.40, na shilingi 1,000 ikaanza kuitwa 5,400 kabla mpira haujapigwa. Timu moja tu ikikubali sare dakika za nyongeza, imechana mkeka wote, hakuna kiraka. Zote zikishinda, mkeka umetiki.

(Orodha ya uteuzi kutoka Ikulu nayo siku hizi ni mkeka. Huo haubetiwi, angalau si hadharani.)

Matangazo ya kubeti hupendelea kubashiri, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni wa kupeleka habari njema. Sheria ya Tanzania ya 2003 ilichagua michezo ya kubahatisha. Kamari, nalo la Kiarabu, limeachiwa wahubiri na wazazi. Binafsi naliamini zaidi la kijiweni: angalau linakubali kwamba kitu chenyewe huchanika.