Jumatano Saa Tatu Kasorobo

Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja wazo la makala kuhusu watu wanaokwenda kutazama ndege kila Jumatano hapa Nairobi. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, ndege haiwi habari mpaka ianguke." Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini wazo halikunitoka. Leo naliandika bila ruhusa yake.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi kwa wapenda ndege. Sisi wa magazeti jina hilo tunalijua zaidi kwa mumewe, Hilary Ng'weno, aliyeanzisha Weekly Review mwaka 1975. Wale waliokulia na jarida la watoto la Rainbow walikuwa wakisoma kazi ya Fleur mwenyewe, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake. Utaratibu wa matembezi ni rahisi mno. Mnakutana kwenye Jumba la Makumbusho saa tatu kasorobo. Mnagawana magari. Mnakwenda mahali pasipo mbali: City Park, msitu wa Karura, au hata mabwawa ya majitaka kule Ruai. (Ndiyo, majitaka. Ndege hawana majivuno kama sisi.) Mnatembea polepole, mtu anaandika orodha ya mlichoona, na kabla ya chakula cha mchana mmerudi.

Basi, hiyo tu? Hiyo tu. Lakini ili uone uzito wake, turudi nyuma kidogo.

Chama kinachoandaa matembezi hayo, ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya, kilizaliwa mwaka 1909 kikiwa chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Wenzake walikuwa maofisa, wamisionari na walowezi. Mwaka 1910 wakaanza kuchapisha jarida lao, na mwaka huohuo wakafungua jumba dogo la makumbusho mjini Nairobi. Jumba hilo ndilo babu wa hili tunalolijua leo.

Siku hizo kumjua ndege kulikuwa na maana ya kumpiga risasi. Unamuua, unamchuna, unaijaza ngozi pamba, unafunga kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali. Jackson alikusanya maelfu kwa njia hiyo. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake. Simlaumu kwa bunduki, maana darubini za wakati ule hazikuwa hizi za leo. Swali langu ni jingine: ni nani aliyeandika? Wazee wetu waliwajua ndege hawa kwa majina, kwa sauti na kwa misimu yao. Ila kalamu haikuwa mkononi mwao, na kikaratasi cha mguuni hakikuwa na nafasi ya jina la kijana aliyembeba ndege kutoka nyasini.

Chukua mfano mmoja. Mwaka 1904 Jackson aliwaelezea wataalamu wa Ulaya ndege mdogo wa nyanda za juu, mwenye kifua cha manjano na kucha ndefu za nyuma. Akampa jina la Sharpe, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Uingereza. Mimi nitamwita kuchandefu. Ndege huyu yuko Kenya pekee, hayuko kwingine kokote duniani. Anaishi kwenye nyasi fupi zenye vishungi, na ngome yake ni uwanda wa Kinangop, kule Nyandarua.

Sasa hapa ndipo historia inapouma. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi Kinangop yaligawiwa wananchi. Ilikuwa haki yao, tena haki iliyochelewa. Lakini familia inakua, shamba linagawanywa, na nyasi zisizo na bei zinalimwa ziwe viazi na kabeji. Kuchandefu hajui kuishi kwenye viazi. Leo amo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Utamwambia nini mkulima mwenye ekari mbili na karo ya watoto? Kwamba aache nyasi kwa ajili ya ndege mwenye jina la Mzungu?

Jibu lililopatikana lina sehemu mbili. Nature Kenya wamenunua vipande vya ardhi ili nyasi zibaki. Na wakazi wenyewe wameunda kikundi, Friends of Kinangop Plateau, ambacho huwatembelea ndege hao na kuwahesabu. Yaani ndege aliyeingia vitabuni mwaka 1904 kwa mkono wa ofisa wa mkoloni, leo anaandikwa daftarini na mtoto wa Kinangop. Kwangu mimi hiyo ni habari, hata kama hakuna kilichoanguka.

Ndiyo maana naiheshimu ile orodha ya Jumatano. Orodha moja haina maana yoyote. Orodha za miaka mingi ni ushahidi. Mwaka 1989 ilichapishwa atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy, iliyogawanya nchi kwa miraba na kuonyesha nani kaonekana wapi. Kumbukumbu nyingi zilitoka kwa watu wa kawaida waliotembea na kuandika. Miaka ya hivi karibuni kazi hiyo inarudiwa, safari hii kwa simu za mkononi, ili ramani mpya ilinganishwe na ile ya zamani. Bila ile ya kwanza ungelinganisha na nini? Na hadithi za babu?

Nina lalamiko moja. Jumatano saa tatu kasorobo ni wakati ambao Wakenya wengi wako kazini au wanaitafuta kazi. Bunduki iliondoka, lakini muda nao ni mlango, na si kila mtu ana ufunguo wake. Bahati nzuri, kuhesabu hakungoji Jumatano. Watu wa Kinangop wanahesabu mlangoni kwao.

Kuchandefu hataanguka kwa kishindo. Atapungua kimyakimya, mpaka siku moja jina lake likose kwenye orodha. Kama hakuna aliyekuwa akiandika, hatutajua hata ni siku gani.

Wiki ijayo zamu yangu inaanza saa nane mchana. Asubuhi mtanikuta makumbusho, na daftari.