Majira Manne, Viungo Vitano: Mvutano wa Kuupanga Mwili katika Tiba ya Kale ya China

Miongozo ya leo ya tiba asilia ya Kichina hufundisha kwamba ini hutunzwa majira ya kuchipua, moyo kiangazi, mapafu majira ya kupukutika majani, na figo majira ya baridi. Mpangilio huo hudaiwa kurithiwa tangu kale bila kubadilika. Insha hii inajenga hoja kwamba ulikuwa jibu mojawapo katika mjadala uliodumu hadi mwishoni mwa nasaba ya Han (206 KK–220 BK).

Ushahidi wa awali umo katika Lüshi Chunqiu, kitabu kilichokusanywa takribani mwaka 239 KK. Katika kalenda yake ya ibada, kiungo kinachotangulizwa katika tambiko ni wengu wakati wa kuchipua, mapafu wakati wa kiangazi, ini wakati wa kupukutika na figo wakati wa baridi. Moyo umewekwa katikati. Ni figo pekee zinazoafikiana na mpangilio wa leo. Naye Xu Shen, katika kamusi aliyoikamilisha mwaka 100 BK, aliuita moyo kiungo cha udongo, yaani kiasili cha katikati, kisha akaongeza kwamba wasomi rasmi waliuita kiungo cha moto, kiasili cha kiangazi.

Zheng Xuan (127–200 BK) alitenganisha ibada na tiba. Kwa maoni yake, kalenda ilifuata mahali kiungo kilipo ndani ya mnyama wa kafara: mapafu juu, figo chini. Tabibu, kinyume chake, alipaswa kuliambatanisha ini na mti, na moyo na moto. Akigeuza, mgonjwa angezidiwa au kufa. Kigezo hapa si ukongwe wa andiko, bali hali ya mgonjwa.

Hata Huangdi Neijing, andiko la msingi la tiba hiyo, halikuufunga mjadala. Kwa kuwa majira ni manne na viungo ni vitano, wengu ulikosa mahali. Sehemu moja inaupa mwisho wa kiangazi. Nyingine inaupa siku 18 za mwisho wa kila majira, jumla ya siku 72 kwa mwaka.

Kwa hiyo, kuuita mpangilio huu urithi usiowahi kupingwa si kuuheshimu. Ni kufuta kazi ya wale waliobishana juu yake huku wakijua kwamba uhai wa mgonjwa ulitegemea jibu.