Nishani ya Booth na majina yaliyoachwa

Mwezi Mei 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Brigedia Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakazishambulia ngome za Wajerumani za Namema, Luwiwa, Igamba na Ipiana. Haikuchukua muda New Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Hivyo ndivyo nchi ya Wanyiha, pamoja na Itaka ambayo sasa ni kata ya Wilaya ya Mbozi, ilivyoingizwa katika vita vya wakoloni wawili.

Nyuma ya Northey kilikuja kikosi cha Rhodesia Native Regiment, kilichoundwa mwaka huohuo. Askari wake walikuwa Waafrika na viongozi wake Wazungu. Miongoni mwa viongozi hao alikuwa Sajini Frederick Charles Booth, mzaliwa wa London mwaka 1890, aliyetoka katika polisi wa British South Africa Police.

Tarehe 12 Februari 1917, huko Johannes Bruck, upande wa Songea, kikosi hicho kilishambulia kituo cha adui katika kichaka kinene. Risasi zilikuwa nyingi. Booth alisonga mbele peke yake, akambeba mtu aliyejeruhiwa vibaya na kumrudisha kwa wenzake. Baadaye aliwakusanya askari Waafrika waliokuwa wametawanyika, akawarejesha kwenye mapigano. Kwa hilo alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na habari zake zikatangazwa katika gazeti la serikali mjini London mwezi Juni mwaka huo. Alipata pia Distinguished Conduct Medal, kisha akapandishwa kuwa ofisa wa Middlesex Regiment, kikosi cha askari wa miguu. Alifariki mwaka 1960 akiwa na cheo cha kapteni.

Ushujaa wa Booth siubishii hata kidogo. Kurudi kumchukua majeruhi huku risasi zikimiminika ni jambo ambalo wengi wetu tusingeliweza. Kinachoniumiza ni maandishi yenyewe ya tuzo. Aliyeokolewa ameandikwa kuwa ni "mtu" tu. Waliokusanywa ni askari wenyeji, basi. Nao walirudi kwenye risasi zilezile walizokuwa wamezikimbia, na kurudi huko hakuhitaji moyo mdogo.

Sheria za tuzo zilichangia. Kwa Waingereza, Msalaba wa Victoria ulikuwa wazi kwa kila cheo, lakini nishani ya Distinguished Service Order (DSO) ilikuwa ya maofisa, na Military Cross ilitolewa kwa maofisa wa ngazi za chini na maofisa waranti. Kwa kawaida Mwafrika hakupewa uofisa, kwa hiyo milango hiyo kwake ilikuwa imefungwa kabla hajashika bunduki. Kwa Wajerumani hali haikuwa tofauti. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao Afrika Mashariki, alipewa Pour le Mérite, nishani ya maofisa peke yao, mwaka 1916, na mwaka uliofuata akaongezewa majani ya mwaloni. Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi lake lilipita Mbozi, likavuka mpaka na kushambulia Fife, ng'ambo tu ya Tunduma. Aliposalimisha silaha mjini Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba, alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, bila kuhesabu wapagazi.

Na wapagazi ndio waliokufa zaidi. Upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, wakibeba chakula na risasi za watu wengine. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wote kwa pamoja: askari, wapagazi na wengine waliotumika. Haitaji jina la hata mmoja wao.

Hapa ndipo Itaka na vijiji vyote vya Mbozi vina kazi ya kufanya. Zipo familia ambazo babu mzaa babu alichukuliwa kubeba mizigo au kushika bunduki, na jina lake bado linatajwa nyumbani. Liandikeni. Andikeni na ukoo wake, kijiji alichotoka na upande aliotumikia, kisha mpelekeeni mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nanyi.