Historia ya Njia ya Amri

Mtu anapoandika neno moja katika kompyuta ya mfumo wa Unix, programu ya jina lile huitika mara moja, kana kwamba ilikuwa ikingoja mlangoni. Walakini baina ya wito na itiko hupita msako, na msako huo una historia yake.

Mwenye kusaka ni sheli, yaani gamba, jina alilolibuni Mfaransa Louis Pouzin katika miaka ya 1960 kwa programu ipokeayo amri za mtu. Katika sheli ya Ken Thompson, iliyotoka katika Maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1971, utaratibu ulikuwa umekazwa ndani ya programu yenyewe: ilitazama kwanza saraka (kabrasha la mafaili) alimo mtumiaji, ikikosa ikaenda saraka ya /bin, na baadaye ikaongezwa /usr/bin. Aliyependa kuweka programu zake mahali pengine hakuwa na hila ila kuandika anwani nzima ya programu. Katikati ya miaka ya 1970 sheli ya John Mashey iliwaruhusu watumiaji wajipangie wenyewe saraka za kupekuliwa. Na mwaka 1979 sheli ya Stephen Bourne ikaleta PATH, yaani njia, orodha ya saraka zitengwazo kwa nukta mbili, ambayo kila programu huirithi kwa programu iliyoizaa.

Orodha ya Bourne ilianza kwa nukta mbili zisizotanguliwa na neno, maana yake: anza hapa ulipo. Siwalaumu waasisi, maana walikuwa jamaa wachache waliojuana na kuaminiana. Lakini mashine zilipoingia vyuoni, zikatumiwa na halaiki ya wageni, khiana ikapata mlango: mwovu aliweka katika saraka yake programu aliyoiita ls, jina la amri iorodheshayo mafaili, akangoja; msimamizi alipoingia humo na kuandika ls, alitekeleza ile ya bandia, nayo ikafanya kazi kwa mamlaka yote ya msimamizi.

Kwa hadhari hiyo saraka ya hapa ulipo ikasukumwa mwisho wa orodha, kisha aghalabu ikatolewa kabisa. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyetunga programu yake ya kwanza leo, akaliandika jina lake, huambiwa kuwa haikupatikana, ilhali iko mbele ya macho yake, mpaka atangulize nukta na mkwaju: ./