Sailensa si kimya

Juzi fundi alinibadilishia sailensa ya gari, nikakumbuka kwamba bunduki nazo zina yake.

Mwaka 1909 Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya bomba la kupunguza mlio wa bunduki. Baba yake ndiye aliyeunda bunduki ya Maxim, ile iliyotumiwa na wakoloni hapa kwetu. Ndani ya bomba, gesi ya moto huzungushwa ipunguze kasi kabla ya kutoka. Maxim alitumia wazo hilo kwenye injini pia.

Ila jina linadanganya. Mlio wa desibeli 160 hushuka hadi 130 hivi. Hapo si kimya!

Mwaka 1934 Marekani ililazimisha usajili na ushuru wa dola 200. Ushuru uliondolewa Januari 2026, usajili ukabaki. Kwa hiyo ndugu zangu mlioko huko, tahadhari na sailensa za kuundwa kwa mkono, hata zikiuzwa kama vifaa vya kusafishia bunduki. Isiyosajiliwa humfunga mnunuzi pia, hadi miaka 10. Na tundu likipinda kidogo tu, risasi inaweza kulipasua bomba.

Haya, mnasemaje?