Tak: Namna ya Kuusaka Mlio wa Baiskeli ya Gia

Baiskeli ikipanda kilima cha Lirhanda, ndani ya Msitu wa Kakamega, mpandaji husikia mengi: changarawe ikisagika chini ya tairi, pumzi zake mwenyewe, hondohondo wakipigiana kelele juu ya miti. Kisha huja tak. Hulia mguu wa kulia ukishuka, hunyamaza kwenye mteremko, na baiskeli ikifikishwa kwa fundi mjini, mlio hukataa katakata kutokea. Fundi huigeuza kichwa chini, huzungusha pedali kwa mkono, hutega sikio, kisha humtazama mwenye baiskeli kama mtu anayemsingizia mtoto mtulivu.

Fundi hakosei, ila mkono wake hauna uzito wa mwili. Mlio wa namna hii huzaliwa pale sehemu mbili zilizobanwa pamoja zinapopata mwanya mdogo sana, usioonekana kwa macho. Mguu ukikanyaga, sehemu hizo hung'ang'aniana. Nguvu ikizidi mshiko, huteleza ghafla na kukwama tena. Mruko huo ndio tak. Bawaba kavu ya mlango hulia kwa kanuni hiyohiyo. Bila mzigo hakuna kuteleza, na bila kuteleza hakuna sauti. Kwa hiyo uchunguzi wa kweli hufanyika mtu akiwa juu ya kiti, barabarani, hasa pale penye mwinuko.

Sikio nalo hudanganywa. Fremu ya alumini ni mirija mitupu iliyounganishwa, na sauti hupita ndani ya alumini kwa kasi ya takriban mita 5,000 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya kasi yake hewani. Kasoro iliyo kwenye kiti husikika kana kwamba iko kwenye pedali. Usukani uliolegea husikika kama mnyororo. Nimemwona mtu akibadilisha beringi za pedali mara mbili, na kumbe tatizo lilikuwa bolti ya kiti. Kuuliza mlio unatoka wapi ni kuanzia mwisho. Swali la kwanza ni: unalia lini?

Mazingira ya Kakamega huipa kasoro hii chakula cha kutosha. Eneo hili hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji huchukua udongo mwekundu na kuuingiza kwenye viungo. Jua la Januari likikausha, hubaki unga mkali unaokula grisi na kusaga chuma. Binadamu huongeza ya kwake. Wengi hupeleka baiskeli kuoshwa pale zinapooshwa pikipiki, kwa maji ya presha, na presha hiyo husukuma maji na mchanga hadi zilipo gololi. Wengine hupaka mnyororo oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Inalainisha, hapana shaka, lakini tayari ina chembe za chuma, na hunasa vumbi.

Ujuzi wa kusikiliza baiskeli si mgeni Magharibi mwa Kenya. Boda boda zenyewe zilianza kama baiskeli, zikivusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, kabla pikipiki hazijachukua jina na kazi. Baiskeli ya kubebea abiria ilikuwa Black Mamba: nyeusi, nzito, fremu ya chuma, breki za vyuma badala ya nyaya. Mlio wake mkuu ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, kota pini. Hii ni pini ya chuma iliyochongwa upande mmoja kama kabari, inayopita kwenye mkono wa pedali na kuubana kwenye ekseli. Ikilika, mkono hucheza kidogo, na mguu huhisi kama umekanyaga ngazi isiyokuwepo. Fundi aliijua kabla hujashuka. Aligonga pini kwa nyundo kwanza, ndipo akakaza nati. Anayetegemea nati peke yake huvuta pini hadi uzi ukatike. Pini ikiisha kabisa, ilibadilishwa kwa pesa kidogo.

Baiskeli ya gia, nyingi zikiwa mitumba iliyotoka ng'ambo, haina kota pini. Ina viungo vingi zaidi, na kila kimoja kinaweza kusema tak kwa sauti inayofanana na ya jirani yake. Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Chukua baiskeli yenye sproketi ya mbele ya meno 32 na ya nyuma ya meno 16. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili. Mnyororo wake tuseme una pini 112. Kwa kila mzunguko wa pedali hupita pini 32, kwa hiyo pini moja iliyokauka hurudi mahali pale baada ya mizunguko mitatu na nusu. Vile vigurudumu viwili vidogo vya kihamisha gia, vyenye meno 11, huzunguka karibu mara tatu kwa kila mzunguko wa pedali. Sasa kanyaga mizunguko kumi ukihesabu. Tak kumi: tazama pedali, mikono yake, ekseli yake, au kiti. Tak ishirini: gurudumu au sproketi ya nyuma, ingawa pedali zote mbili zikiwa na kasoro zinaweza kutoa idadi hiyohiyo. Tatu hivi: mnyororo. Karibu thelathini: kigurudumu cha kihamisha gia.

Mtego uko kwenye gia yenyewe. Ukiwa kwenye sproketi ya nyuma ya meno 32, gurudumu na pedali huzunguka sawasawa, na tak kumi haikuelezi kitu. Badilisha gia, uhesabu upya. Idadi ikibaki kumi, kasoro iko upande wa pedali. Ikibadilika, inafuata gurudumu. Mtu aliyekulia Isukha au Idakho, akisikia ngoma kubwa, ya kati na ndogo za isukuti zikiingiliana bila kupotezana, ana sikio la kazi hii tayari.

Baada ya hesabu, ondoa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Acha kukanyaga baiskeli ikiendelea kwenda. Tak ikiendelea, achana na pedali na mnyororo, uende kwenye magurudumu na breki. Ikinyamaza, simama juu ya pedali huku ukikanyaga. Ikinyamaza uliposimama, ni kiti au nguzo yake: mwili hupepesuka kushoto na kulia kwa kila mkanyago, ndiyo maana kiti hupiga kwa mdundo wa pedali na kuwapoteza watu. Toa nguzo ya kiti, futa mchanga, paka grisi nyembamba, rudisha, kaza. Grisi hiyo ni ya nguzo ya chuma au alumini. Ya kaboni huwekewa dawa yake maalumu, la sivyo huteleza. Kwenye orodha ya milio niliyowahi kuisaka, kiti kinaongoza, na ndicho rahisi kuliko vyote.

Mlio ukibaki hata umesimama, fika kwenye pedali. Zitoe. Ya kulia hufunguka kama bolti ya kawaida, ya kushoto hufunguka kinyume, kwa saa inavyozunguka. Mpangilio huo ulitangazwa na ndugu Wright, watengeneza baiskeli wa Ohio, mwaka 1900, miaka mitatu kabla ya ndege yao kuruka. Unazuia pedali ya kushoto isijifungue yenyewe kwa kukanyagwa. Asiyejua hukaza alipodhani anafungua, na uzi laini wa alumini huondoka na spana. Safisha uzi kwa kitambaa na mafuta ya taa, paka grisi, kaza barabara. Mara nyingi safari ya mlio huishia hapa.

Ikiendelea, shika mikono yote miwili ya pedali na kuitikisa kuelekea kwenye fremu na mbali nayo. Ikicheza yote pamoja, beringi za ekseli zimelika au vikombe vyake vimelegea. Ukicheza mmoja tu, bolti yake imelegea, na hapa haraka inahitajika. Kwenye baiskeli nyingi za gia za zamani, ekseli ni ya chuma yenye ncha ya mraba, na mkono wa pedali ni wa alumini. Ukiendesha siku chache bolti ikiwa imelegea, chuma hutafuna alumini na tundu la mraba huanza kuwa la mviringo. Kipande cha mkebe kilichochomekwa katikati hunyamazisha mlio kutoka Khayega hadi Shinyalu, pengine na kurudi. Mkono wenyewe umekwisha, na haukazwi tena ukakaa. Kwenye vikombe nako kuna jambo la kukumbuka: katika mtindo wa Kiingereza, ulioenea zaidi, kikombe cha kulia kina uzi wa kinyume.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo sehemu ya inchi 12 inapaswa kuwa milimita 304.8. Ikizidi kwa milimita 1.6, badilisha mnyororo; ikizidi kwa 3.2, sproketi nazo zimekwenda, na mnyororo mpya utaruka juu ya meno ya zamani. Pini moja iliyokauka hutafutwa kwa kurudisha pedali nyuma polepole na kutazama mahali mnyororo unaporuka kidogo ukipita kwenye kihamisha gia. Ipinde kwa vidole kushoto na kulia hadi ilegee.

Magurudumuni, finya spoki mbili mbili kuzunguka gurudumu zima. Iliyolegea hujitangaza. Pale spoki zinapokutana huota kutu na kusuguana. Tone la oili hutosha. Ukizungusha gurudumu polepole na kusikia kitu kikikoroma ndani ya rimu, huenda ni chembe ya changarawe au kipande cha chuma kilichobaki tangu kiwandani. Mbele, bana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole vikiwa kwenye maungio ya uma na fremu. Mchezo wowote utausikia kidoleni kabla ya masikio.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, lakini, tazama vitu vya kijinga. Ncha ya kamba ya kiatu inayopiga mkono wa pedali. Ncha ya waya wa gia iliyochomoza. Zipu ya mfuko wa chini ya kiti. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima, siku ambayo wenzangu walikuwa Shinyalu wakitazama ng'ombe dume wakipigana, nikikaza kila nati iliyokazika. Zilikuwa funguo za nyumba mfukoni mwangu.

Kuna chanzo kimoja kisichostahili grisi wala subira: ufa. Osha fremu, ikauke, kisha pitia kila mahali palipochomelewa kwa tochi, hasa kwenye maungio ya mbele, chini karibu na ekseli ya pedali, na pale nguzo ya kiti inapoingia. Mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka, au mstari mweusi wa uchafu unaorudi baada ya kufutwa, ni sababu ya kutoipanda baiskeli hiyo. Tazama na usukani, unapobanwa katikati. Fremu ya Black Mamba ilichomelewa kwa fundi yeyote wa jua kali na kurudi kazini jioni ileile. Alumini haikubali hivyo: joto la kuchomelea hupunguza nguvu ya alumini iliyo kando ya mshono, na bila kutibiwa upya kwa joto kiwandani hupasuka tena jirani na palepale.

Ukishatengeneza, rudi Lirhanda. Mwinuko uleule, gia ileile, viatu vilevile. Hesabu mizunguko kumi. Kisha shuka bila kukanyaga, usikilize friwili ikitoa trrr yake, ambayo ni vidole vidogo vya chuma vikiruka juu ya meno, na haihitaji fundi.