Kitabu Kinachopita Mkono kwa Mkono: Historia ya Riwaya Pendwa ya Kiswahili

Nakala yangu ya Kisima cha Giningi haina jalada. Niliinunua kwa muuza vitabu vilivyokwisha tumika, aliyekuwa amevipanga juu ya turubai kando ya barabara, na kurasa zake za mwanzo zimelegea kwenye uzi. Juu ya ukurasa wa kwanza yameandikwa majina matano, kila moja kwa mwandiko na wino wake. Chini ya jina la tatu pana neno moja lililopigiwa mistari miwili: "Irudishwe." Haikurudishwa. Ilikwenda kwa wa nne, kisha kwa wa tano, hata ikafika kwangu.

Ukitaka kujua historia ya riwaya za mapenzi, upelelezi na taharuki katika Kiswahili, anzia kwenye majina kama hayo. Vitabu hivi vilisambaa kwa sababu mtu alikimaliza kimoja usiku, na asubuhi akamwambia jirani yake, "Hiki usikikose." Wahakiki huziita riwaya pendwa, wakizitenga na zile wanazoziita riwaya dhati. Mimi naona jina hilo ni heshima. Riwaya pendwa ndiyo iliyomzoesha msomaji wa Kiswahili kufungua kitabu bila kulazimishwa na mtihani.

Kabla ya mpelelezi

Utamu wa kisa chenye mashaka haukuletwa na kiwanda cha uchapaji. Pwani ilikuwa na ngano zake, ilikuwa na Abunuwasi, na ilikuwa na visa vya Alfu Lela Ulela vilivyokatizwa pale pale vinaponoga ili msikilizaji arudi kesho. Kilichochelewa ni riwaya ya kuchapwa. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha H. Rider Haggard. Mwafrika ndani ya kisa hicho anatazamwa kwa jicho la mkoloni, lakini msomaji aligundua humo kwamba nathari ya Kiswahili inaweza kubeba safari ndefu ya hatari toka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilichapisha, ilisambaza, na iliendesha mashindano ya uandishi. Katika mashindano ya 1957 na 1958, tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Mzanzibari mmoja mwandishi wa habari.

Kiko na nasaba

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia magazetini mwaka 1948, na kwa miaka kumi, kuanzia 1958, alihariri jarida la Mkulima. Mswada wake ulioshinda, Mzimu wa Watu wa Kale, ulitoka kama kitabu mwaka 1960. Ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na Najum, rafiki anayemfuata kila aendako.

Tuitazame riwaya hiyo kwa karibu. Tajiri anakutwa ameuawa penye mzimu. Jibu la mtaani liko tayari: wazee wa kale wameghadhibika. Bwana Msa hamdhihaki anayeamini hivyo. Anawasha kiko na kuuliza maswali ya kawaida kabisa: nani ni nani kwa nani, nani alikuwa akidai, nani angerithi. Wengi humlinganisha na Sherlock Holmes, na ufanano upo. Lakini Holmes alikuwa mtaalamu wa majivu ya sigara na nyayo matopeni, na Bwana Msa ni mtaalamu wa nasaba. Katika mji ambamo kila mtu ni shemeji au binamu wa mtu, fumbo hufumbuka kwa kujua ndoa iliyofichwa, mtoto asiyetajwa na mirathi iliyoporwa. Abdulla aliichukua kanuni ya kigeni akaijaza mambo ya Unguja, hata ikawa haiwezi kutokea kwingine.

Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968, na jina lake pekee lilitosha kumsisimua Mzanzibari, maana Giningi katika masimulizi ya visiwani ni makao ya wachawi. Kisha zikaja Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Abdulla alifariki mwaka 1991. Kiswahili chake cha barazani, chenye mafumbo na majibizano, ni sababu tosha ya kuvisoma vitabu hivyo leo hata kama muuaji umekwisha mjua.

Simu, mji na mapenzi

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Hapo upelelezi ulivuka bahari ukaingia Dar es Salaam. Aliyeshika kesi ni Inspekta Wingo, askari mwenye ofisi, gari na mafaili. Simu katika mji wa wakati ule ilikuwa chombo cha wachache, na kuifanya mlango wa kuingilia mauti kulimwonyesha msomaji kwamba maisha mapya ya mjini nayo yana mizimu yake.

Wasomaji walikuwa wakiongezeka. Tanzania ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule zote za msingi, na mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini alitaka kitu cha kusoma baada ya kitabu cha kilimo bora. John Simbamwene alimpa Mwisho wa Mapenzi (1971) na Kwa Sababu ya Pesa (1972), majina yanayotaja wazi kilichomo. Kenya, Katama Mkangi alitoa Ukiwa mwaka 1975, kisa cha wapendanao waliotenganishwa na masomo na mji. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, kwa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), alidhihirisha kwamba mapenzi yanaweza kuandikwa kwa ufundi ambao hakuna mhakiki angeubeza.

Willy Gamba na ukombozi

Mwaka 1974 aliingia Willy Gamba. Aristablus Elvis Musiba alimtambulisha katika Kufa na Kupona, akamrudisha katika Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na vitabu vingine. Kijana huyu ana silaha, ana mavazi mazuri, na wanawake humpenda. Alama za James Bond zinaonekana kwake. Lakini angalia anapigania nini. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na FRELIMO ilianzishwa katika mji huo huo mwaka 1962. Wapelelezi wa makaburu na wa Wareno hawakuwa ndoto ya mwandishi. Katika Kufa na Kupona zinaibwa siri za wapigania uhuru, na Gamba anazifuata hadi Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi yuko Kinshasa. Mtu aliyekuwa hajawahi kutoka wilayani kwake alisafiri naye, akarudi akijua kwamba usalama wa nchi yake umefungamana na ule wa majirani.

Miaka ya uhaba wa karatasi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ofisi ya vitabu iliyoilea riwaya hii ikavunjika nayo. Vikafuata vita vya Kagera na miaka migumu ya uchumi. Karatasi ikawa adimu, kama sabuni na sukari. Ajabu ni kwamba riwaya pendwa haikufa; ilistawi. Mwenye mswada na akiba kidogo alitafuta mpiga chapa, akalipa, akabeba mwenyewe nakala zake hadi kwenye vibanda vya magazeti. Ndipo walipong'ara Hammie Rajab, Edi Ganzel, Kajubi Mukajanga, na Kassim Mussa Kassam aliyeandika Shuga Dedi (1984).

Aliyetia fora ni Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyeanzisha kampuni yake ya Heko. Shujaa wake Joram Kiango alikimbiza wasomaji katika Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu. Dar es Salaam Usiku ilitembea katika mji ule ambao mchana hauonekani, na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Mtobwa alifariki mwaka 2008, lakini bado kuna watu wa makamo ambao ukiwatajia jina la Joram macho yao hung'aa.

Wahakiki walilalamika kwamba visa vinafanana, kwamba mwanamke amegeuzwa chambo, kwamba nyayo za Ian Fleming na James Hadley Chase ziko kila ukurasa. Kuhusu mwanamke walisema kweli, na jibu bora lilitoka kwa mwandishi mwanamke. Zainab Burhani, kwa Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987), alimpa msichana nafasi ya kupenda, kukosea na kuamua. Mwaka 1999 Adam Shafi naye alitoa Vuta N'kuvute. Humo Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kumpenda Denge, mpigania uhuru. Kitabu hicho kimezungumzwa kwa siasa zake, lakini kinachomfanya msomaji akeshe ni kutaka kujua kama wawili wale watapatana. Mwaka 2021 filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto.

"Itaendelea"

Vyombo vya habari vilipofunguliwa katika miaka ya 1990, riwaya ilihamia magazetini. Eric Shigongo, aliyeanzisha Global Publishers, alikuwa miongoni mwa waliolifanya neno "Itaendelea" kuwa sababu ya kununua gazeti wiki inayofuata. Katika saluni na vituo vya daladala gazeti lilisomwa kuanzia ukurasa wa hadithi, na aliyekosa toleo alisimuliwa na mwenzake. Ilikuwa ni baraza ile ile, na kisa kilikatizwa pale pale kinaponoga.

Karne hii imeleta kizazi kingine. Hussein Tuwa, kwa Mkimbizi, Mfadhili na Mdunguaji, ameirudishia taharuki upangaji makini, ambapo kila jambo dogo la sura ya kwanza lina deni la kulipwa mwishoni. Enock Maregesi, katika Kolonia Santita (2012), aliipeleka hadi kwenye magenge ya dawa za kulevya ya Meksiko. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alitunukiwa Tuzo ya Mabati-Cornell kwa Penzi la Damu. Waandishi wenyewe wameungana katika UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, ili kazi zao zifike kwa msomaji.

Vya kusoma sasa

Anayeniuliza aanze wapi namjibu hivi. Ukipenda fumbo, chukua Mzimu wa Watu wa Kale na ujaribu kumtangulia Bwana Msa. Ukipenda mbio, chukua Kufa na Kupona. Ukitaka mapenzi yatakayokaa moyoni, chukua Vuta N'kuvute. Kisha usiishie hapo, maana wazee hawa hawakuandika ili wawe wa mwisho. Tafuta Mfadhili ikulize, tafuta Mdunguaji ikukeshe.

Na ukishamaliza, fanya walichofanya wale watano wa Kisima cha Giningi: mwambie mtu. Kuna jambo moja tu ambalo nakuomba ulifanye tofauti nao. Nakala yako ibaki nayo, umpeleke mwenzio dukani anunue yake. Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango walikuzwa na wasomaji waliotoa fedha kibandani, na mwandishi anayeandika usiku huu naye anategemea msomaji wa namna hiyo.